Swichi mbili za KVM, kompyuta saba, kiti kimoja

Kazi yangu ni kukagua kompyuta za mezani za mtumba kabla hazijaingia dukani Kariakoo. Zamani kila mashine nilikuwa naichomekea monita, kibodi na mausi, nachomoa, nahamia nyingine. Huu ni mwezi wa tatu natumia swichi mbili za KVM nilizoziunganisha (swichi ya KVM hukuwezesha kutumia monita, kibodi na mausi moja kwa kompyuta kadhaa), kila moja ina matundu manne, na sitamani kurudi nilikotoka.

Usije ukapiga hesabu kwamba nne na nne ni nane. Ni saba, maana tundu moja la swichi ya kwanza linamezwa na waya unaokwenda kwenye ya pili.

Raha yake naiona kwenye kupima RAM, kumbukumbu ya kompyuta. Jioni nawasha mashine na flashi zenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, naziacha zikeshe, asubuhi nakaa napitia moja moja. Yenye mistari myekundu ya makosa naitenga.

Kuhama kati ya mashine kulinisumbua mwanzoni. Swichi zote mbili zinasubiri Scroll Lock mara mbili kisha namba, basi ya kwanza inaidaka amri na ya pili haipati kitu. Ya pili sasa naibonyeza kwa mkono, nimeiweka karibu.

Lililoniuma ni jingine. Swichi hizi za bei nafuu haziionyeshi mashine ambayo hujaichagua kwamba kuna kibodi wala monita. Ukihamia kwake, inaanza kuitambua kibodi upya, na ukiwa nyuma ya swichi mbili unangoja zaidi. Kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, Dell inataka F2, HP inataka F10, na wewe unabonyeza kibodi ambayo bado haijasomwa mpaka Windows imeshafunguka. Mbaya zaidi, mashine ikiwaka bila kuona monita inaweza isitoe picha kabisa. Ilinitokea. Nilitoa RAM nikaisugua kwa kifutio, nikabadilisha betri ya CMOS (ile ndogo ya kwenye bodi), nikampigia mwenye mzigo kumwambia bodi imekufa. Nilipoichomeka monita moja kwa moja, ikawaka vizuri. Nilimpigia tena kumwomba radhi, na niliona aibu kweli, kwa sababu alikuwa ameshakubali kuiuza kama vipuri.

Tangu siku hiyo mashine yoyote inayogoma naitoa kwenye swichi kwanza, bisibisi baadaye. Zinazohitaji kuingia BIOS naziweka kwenye matundu matatu ya swichi ya kwanza, na naichagua mashine kabla ya kuiwasha. Za kukesha na Memtest zinakaa kwenye ya pili.

Ukinunua, uliza kama swichi inaigiza kibodi na EDID ya monita (taarifa ambazo monita huipa mashine kuhusu uwezo wake) kwa kila tundu. Hizo bei yake iko juu, lakini kwa fundi zinalipa. Mimi nitaanza kubadilisha ya pili, kwa sababu mashine zilizo nyuma yake ndizo zinazoteseka zaidi.