SD3, kile kipimo cha "roho mbaya" cha mtandaoni: naipa nyota 3

Wanangu wa chuo naona kila mtu anaposti grafu yake ya SD3, huyu anajitangaza saikopathi, yule anajisifia umakiaveli utadhani kapewa cheo, basi na mimi nikaifanya. Ni bure, dakika chache umemaliza, bando hata halishtuki.

Iliko­toka kwanza. Paulhus na Williams, wanasaikolojia wa Kanada, ndo walikuja na habari ya "utatu wa giza" 2002, halafu 2014 Jones na huyohuyo Paulhus wakatoa SD3. Inapima umakiaveli, yaani kuwachezea watu akili kwa mahesabu ya mbali, unarsisi ambao ni kule kujisikia, na usaikopathi, roho kavu isiyojali nani kaumia. Maswali 27, kila tabia ina 9, unajipa 1 (sikubali kabisa) mpaka 5 (nakubali kabisa). Kwa ufupi wake hongera zao maana kabla ya hapo ulitakiwa ujaze Mach-IV ya umakiaveli yenye maswali 20, NPI ya unarsisi yenye 40, na usaikopathi bado hujaugusa.

Sasa kasheshe. Swali la kwanza kabisa la umakiaveli linauliza kama si busara kumwaga siri zako. Aisee mtu kalelewa na bibi, kutwa anaambiwa ya ndani yaishie ndani, siri ya mtungi aijuaye kata, unategemea ajipe ngapi? Tano bila kufikiria! Kuna lingine la kukwepa kugombana na watu uso kwa uso kwa sababu huko mbele wanaweza kukufaa, hiyo kwetu si ujanja hiyo ni kuishi na watu. Ukija kwenye unarsisi mambo yanageuka, ukikubali kwamba we ni mtu wa kawaida alama zinashuka, ukisema unaona aibu ukisifiwa zinashuka tena, na nani huku anasifiwa akajibu "najua"? Kwahiyo malezi yaleyale yanakupandisha huku na kukushusha kule, mtoto mwenye adabu zake anatoka kwenye grafu kama mla njama mkimya.

Kwenye usaikopathi wameweka kama hujawahi kuingia matatani na sheria. Dogo wa bodaboda anayekimbizana na trafiki kila wiki ndo basi tena, keshaitwa saikopathi.

Halafu unajijaza mwenyewe, na mjanja wa kweli atakwambia ukweli kwa faida gani? Usaikopathi wa kitaalamu unapimwa kwa PCL-R, kipimo cha mwanasaikolojia Robert Hare, vipengele 20, mtaalamu kasomea, anakuhoji na faili lako analipitia. Kwahiyo nyie mnaomjazia eksi wenu, yaani mpenzi wa zamani, ili mpate ushahidi kwamba ni saikopathi, acheni jamani.

Nyota 3 nazitoa kwa sababu ukiwa na darasa zima mnalinganishwa wenyewe kwa wenyewe inaleta mjadala mzuri sana, ila ya mtu mmoja mmoja usiibebe kichwani. Ukitaka mpya kidogo tafuta SD4 ya 2021, maswali 28, wameongeza na usadisti, ile raha ya kuona mwenzio anateseka. Na ukikuta tovuti inakuambia ulipie ndo uone "ripoti kamili", funga hiyo peji, alama zenyewe za SD3 ni wastani wa namba 9 kwa kila tabia (yale maswali ya kinyume unayageuza kwanza), hata kwa kalkuleta ya simu unazipata.