Nyumba ya ushirika Nakuru: kodi ni 11,000, lakini jiandae kwa zaidi

Tangazo lililonileta Kiamunyi lilisema "chumba kimoja cha kulala, 11,000, maji yapo". Yote yalikuwa kweli. Hata hivyo tangu nihamie sijawahi kumaliza mwezi kwa 11,000, na wala hakuna aliyeniibia. Nyumba ni za chama cha ushirika: wanachama walichanga, wakajenga, na zile wasizoishi wenyewe wanapangisha. Mimi ni mpangaji tu. Nimeshapita mwaka hapa, na kila anayetafuta nyumba upande huu ananiuliza jambo moja: kwa mwezi inatoka ngapi hasa?

Kodi 11,000. Ada ya huduma 1,200. Maji kati ya 600 na 900, tukiwa watu watatu na nguo tunafua nyumbani. Stima kila mtu ananunua tokeni zake. Amana ni kodi ya mwezi mmoja na unapewa risiti yake. Ile ada ya huduma inalipa mlinzi, takataka, taa za ngazi na uani, na gari la kunyonya tangi la choo. Mwanzoni niliiona kubwa, lakini nilikotoka, Kaptembwa, tulikuwa tukichangishana kila kitu mlangoni, leo hamsini ya taa, kesho mia mbili ya choo, na hakuna aliyejua zilikokwenda. Bora hii.

Kinachonifurahisha zaidi ni taarifa ya bili. Inakuja kwa simu kabla ya tarehe moja, na inaonyesha namba ya mita ya maji ya mwezi uliopita, ya mwezi huu, uniti ulizotumia na bei ya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Hapa inatozwa 120, kwa hivyo mtungi unakuja chini ya shilingi mbili na nusu. Ukilinganisha na bei ya mtungi wa mkokoteni siku maji yakipotea mtaani, utanyamaza.

Ila maji yenyewe yana habari yake. Mengi yanatoka kwenye kisima chetu, na visima vya Nakuru, kama vingi vya Bonde la Ufa, vina floraidi nyingi. Ndiyo hiyo inayowapaka watoto wetu meno rangi ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki pale pale. Kwa hivyo ya kunywa tunanunua yaliyochujwa, na hiyo ni gharama ambayo haiko kwenye bili yoyote. Ukija na mtoto mdogo, iweke kwenye hesabu yako.

Kisima pia kinavutwa kwa pampu ya stima. Stima ikipotea siku nzima, tangi la juu likiisha, bomba linakauka.

Sasa malipo. Unalipa kwa Paybill na namba ya akaunti ni namba ya nyumba. Hakuna kumtumia mtu pesa kwenye simu yake binafsi, na hilo peke yake linanipa usingizi. Lakini soma vizuri mfumo unavyogawa pesa zako, kwa sababu hautegemei ulichokusudia. Pesa ikiingia inakata kwanza faini kama ipo, halafu maji, halafu ada ya huduma, na kodi inakuwa ya mwisho. Jirani yangu, mwalimu, alituma 11,000 akiamini amemaliza kodi na kwamba maji angeyalipa katikati ya mwezi. Mfumo ukachukua maji na huduma kwanza, kodi ikabaki na pengo la karibu elfu mbili, na tarehe kumi ikampiga faini ya 500 ya kuchelewesha kodi. Alipanda ofisini akiwa moto. Karani wetu ni mama mtulivu sana. Alimgeuzia skrini tu: "Mwalimu, pole. Angalia hapa mstari wa tatu, kisha tuongee."

Waliongea, na faini ikaondolewa. Kwa mwenye nyumba wa kawaida sidhani ingeondolewa. Hapa ukijua mwezi utakuwa mgumu unaandikia kamati kabla ya tarehe tano, na wanakuruhusu kulipa kwa awamu mbili bila faini. Mimi nimeitumia nafasi hiyo Januari, wakati wa karo. Hawakuniuliza maswali ya kunidhalilisha.

Jambo moja nalipinga mpaka leo. Mita kubwa ya maji ikisoma zaidi ya jumla ya mita zetu ndogo, ile tofauti inagawanywa sawa kwa kila nyumba na kuandikwa "maji ya pamoja". Mwezi ambao bomba la chini lilipasuka, kila nyumba iliongezewa karibu 300. Bomba liko chini ya ardhi ya ushirika, fundi anaitwa na ushirika, mpangaji anaingiaje? Nililisema kwenye mkutano. Wapangaji tunaalikwa lakini hatupigi kura, basi likaandikwa kwenye kumbukumbu na likalala huko.

Stima ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Jengo letu la zamani lina mita moja kubwa ya Kenya Power, na kila nyumba ina mita ndogo ya tokeni ya kampuni binafsi. Kenya Power inawapanga wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi wana bei nafuu, wanaofika 100 bei ya kati, wanaopita 100 bei ya juu. Mimi natumia uniti kati ya 40 na 50. Ningekuwa na mita yangu ningelipa bei ya kati. Lakini mita kubwa inabeba nyumba zote pamoja, lazima ipite 100, na sisi sote tunalipa bei ya juu, hata yule bibi wa chini mwenye balbu mbili na redio. Juu ya hapo kampuni ya mita ndogo inakata ada yake kila ukinunua.

Wengi hapa wanaamini ukinunua tokeni mwanzoni mwa mwezi unapata uniti nyingi zaidi. Sivyo. Kupanda na kushuka kwa uniti kati ya mwezi na mwezi kunatokana zaidi na gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni, ambazo EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, inazitangaza upya kila mwezi. VAT ya asilimia 16 inakuja juu yake. Kodi ya nyumba ya kuishi haina VAT, kwa hivyo ukiiona mahali kwenye bili ya kodi, uliza.

Na mkataba usome wote kabla ya kutia sahihi. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na kwa kodi za siku hizi wengi wetu tumebaki nje yake. Hapa mkataba unasema kodi haipandi kabla ya miaka miwili na notisi ni mwezi mmoja pande zote. Ya amana kurudishwa sijayaonja bado, lakini aliyehama ghorofa ya pili alirudishiwa yake ikiwa imekatwa rangi ya ukuta tu, na orodha ya makato alipewa.

Kwa jumla naipa nyota nne. Ushirika una jengo jipya nyuma yetu ambapo kila nyumba ina mita yake ya Kenya Power, na kodi ni 12,000. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kwa uniti zangu, tofauti ya bei pamoja na ile ada ya mita ndogo haifiki hata nusu ya hiyo elfu moja ya nyongeza. Nimewaambia waendelee kuwapa wengine.