Feri asubuhi: uzoefu wangu wa kununua samaki mnadani

Samaki wa nyumbani kwangu siku hizi wanatoka soko la samaki la Feri, na kila anayekaa Dar es Salaam namshauri aende kabla jua halijapanda. Panda mwendokasi inayoishia Kivukoni, kisha tembea kidogo. Soko liko upande wa Magogoni, jirani na kivuko cha Kigamboni.

Nenda moja kwa moja mnadani. Samaki wanapangwa kwa mafungu, dalali anapaza bei, wanunuzi wanaipandisha. Mtu wa rejareja kama mimi hana la kufanya na beseni zima la vibua, lakini hapo ndipo nilipolipendea soko hili. Wenye mtaji mdogo wanachanga. Akina mama wanaokaanga samaki mitaani, kutoka Mbagala, Temeke na Kigamboni, wanaungana watatu au wanne, mmoja anasimamia bei, fungu linagawanywa palepale. Mmoja wao aliniona nimesimama nashangaa. Nikamwamkia shikamoo, akajibu, "Marahaba mwanangu, toa hela tugawane." Tangu hapo wananihesabu. Ni yeye aliyenifundisha kufunua mashavu ya samaki nione wekundu, kutazama kama jicho linang'aa, na kubonyeza nyama nione kama inarudi.

Bei hufuata bahari. Kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wanaadimika. Dagaa wao huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo ulizia kwenye giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa vizuri.

Ukishanunua, wapeleke kwa vijana wanaopaa. Wana mikono myepesi ajabu: changu anatoka magamba na matumbo wakati wewe unatafuta chenji. Lipa bila kulalamika, tafadhali. Mvuvi, mbebaji, dalali, muuza barafu, mpaaji, mkaangaji: wote hao wamekula kwa samaki huyohuyo, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kuliacha friji la supamaketi.

Mmoja wa akina mama wale alipofiwa, mchango ulipita meza kwa meza asubuhi ileile. Wauzaji walitoa, wapaaji walitoa, na mimi mteja nikaombwa kama mtu wa nyumbani. Nilifurahi kuombwa.

Vaa viatu visivyoteleza, maana sakafu ina maji muda wote. Beba ndoo yenye mfuniko na noti ndogondogo. Ukiwa na watoto, nenda nao siku ya mapumziko. Wangu sasa anatofautisha changu na tasi bila kuuliza. Na usiondoke na njaa: samaki wa kukaanga wapo hapohapo, wa moto, na supu ya pweza pia. Mimi huanza na supu.