Kikombe cha chai cha kwenda nacho kazini: shika kifuniko kwanza

Chai iliyonimwagikia ilikuwa ya maziwa. Ingekuwa maji, yangekauka nikasahau. Hii iliingia mfuko wa kompyuta, ikalowesha chaja na daftari la vikao, na kwa wiki mbili begi langu likawa linanuka kama kibuyu cha mgando. Kikombe chenyewe kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Kilichoniangusha ni kifuniko: kile cha plastiki chenye kidirisha cha kusukuma kwa kidole gumba. Konda alisema tusogee, mtu akaegemea begi langu, kidirisha kikafunguka.

Tangu siku hiyo nimenunua vikombe vinne na kugawa viwili, na wenzangu ofisini hunipigia simu wakiwa dukani. Jibu langu ni lilelile: mwili wa kikombe usikuumize kichwa, kifuniko ndicho unachonunua. Chai hupoa kupitia kifuniko, huvujia kwenye kifuniko, na harufu mbaya hukaa kwenye kifuniko.

Lakini kama ofisini kwenu chai inaletwa kila siku saa nne, hela yako ikae mfukoni. Beba kikombe cha udongo cha nyumbani, kiache mezani, mambo yaishe. Huu mwongozo ni wa wanaotoka nyumbani na chai yao, wakapanda daladala au mwendokasi, na kuinywa saa mbili baadaye.

Mwili wa kikombe, kwa haraka. Unataka stenlesi ya kuta mbili zilizonyonywa hewa katikati. Ni mbinu ya mwanasayansi James Dewar ya mwaka 1892, ileile iliyomo kwenye chupa ya chai ya mama. Vikombe vingi vya bei poa vina kuta mbili kweli, ila katikati hewa imebaki. Utavijua kwa kumimina maji ya moto, kusubiri dakika mbili tatu na kushika ubavuni. Ukisikia joto, hiyo ni bakuli ndefu tu. Chini ya kikombe tafuta namba 304 au 18/8, maana yake kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Ikiandikwa 201, nikeli ni kidogo, na kwa hewa ya chumvi ya pwani itawahi kushika kutu. Wengine huenda na sumaku wakiamini stenlesi nzuri hainaswi. Ni kweli 304 kwa kawaida hainaswi, lakini na 201 hainaswi pia, kwa hiyo sumaku haitakutenganishia hizo mbili.

Sasa vifuniko, kuanzia ninachokipenda.

Nafasi ya kwanza naipa kifuniko cha kufyatua chenye kufuli, kwenye kikombe chembamba kama chupa ndogo. Wajapani ndio mabingwa wa aina hii. Zojirushi na Tiger wanavyo, na Thermos nao wanavyo vya namna hiyo. Kuna kijikufuli unakitelezesha kwanza, halafu unabonyeza kitufe, kifuniko kinaruka nyuma na kubaki hapo bila kukugonga pua. Kufuli ikiwa imefungwa, kitufe hakibonyezeki hata begi likikaliwa. Ndicho ninachotembea nacho sasa, cha ujazo wa mililita 480, na kinaingia mfuko wa pembeni wa begi bila kusukumana na mwavuli.

Kasoro yake ni kwamba kinatunza joto kupita kiasi. Chai niliyoimimina saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu bado inanichoma ulimi. Kasoro ya pili ni bei: vile halisi ni ghali, na hapa Dar huvipati kila duka. Wengi wetu tunaletewa na ndugu. Kariakoo kuna vinavyofanana navyo visivyo na jina, na vingine ni vizuri tu. Kimoja nilikipata kwa shilingi elfu kumi na tano, baada ya mabishano kidogo.

"Dada, hii haivuji, nakuhakikishia."

"Sawa kaka. Niwekee maji nusu, ufunge mwenyewe, uigeuze juu ya simu yako."

Alicheka, akaigeuzia juu ya ndoo. Cha kwanza kilitoa tone moja pembeni ya bawaba. Cha pili, toleo lilelile kutoka boksi lilelile, kikawa kikavu. Ndiyo maana nasema pima kile utakachoondoka nacho, usikubali kupewa kingine kilichofungwa kwenye nailoni.

Nafasi ya pili ni kifuniko cha kubonyeza na kunywa, kile kilichojulikana kupitia kampuni ya Contigo. Unashikilia kitufe, unakunywa, ukiachia kinajifunga chenyewe. Kwa anayeendesha gari au pikipiki ya kwenda kazini hiki kingekuwa cha kwanza, maana mkono mmoja unatosha na huwezi kusahau kukifunga. Nimekishusha kwa sababu ya chai yetu. Ndani ya kifuniko kuna springi na vijia, na chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki ikipita humo kila siku huacha utando. Siku moja nilichokonoa kifuniko cha aina hii kwa kijiti cha meno. Kilichotoka kilikuwa kama jibini ya kijivu, na punje ya iliki katikati. Kikombe nilikuwa nakiosha kila jioni! Kwa hiyo chukua toleo ambalo kifuniko chake kinafunguka chini ili kisafishwe. Ukikuta kimezibwa moja kwa moja, achana nacho, labda kama unakunywa chai ya rangi tu.

Nafasi ya tatu ni yale makubwa yenye mkono na mrija, mtindo wa Stanley Quencher, ambalo toleo lake maarufu hubeba karibu lita moja na robo. Kwa maji baridi mezani ni raha. Kwa chai ya njiani hapana: mrija unapenya kifuniko, likiangushwa linamwaga, na chai ya moto kwa mrija ni kujitafutia malengelenge. Kuhusu jina lililoandikwa ubavuni, lisikununulie kikombe, kwani ya kuiga yamejaa.

Hapohapo, kama shemeji wa Marekani amekuletea Stanley, angalia ni toleo gani. Desemba 2024 kampuni hiyo iliita virudishwe kutoka sokoni vikombe vyake vya Switchback na Trigger Action, takriban milioni 2.6 kwa Marekani peke yake, kwa kuwa sehemu ya kifuniko inayokazwa inaweza kusinyaa kwa joto na kifuniko kikachomoka mtu akinywa. Watu 38 duniani waliripotiwa kuungua. Kampuni ilitangaza kutoa vifuniko vipya bure. Unaona? Kampuni yenye jina kubwa, chuma kizuri, na tatizo likawa kifuniko.

Nafasi ya nne, na hapa nitagombana na watu, ni zile chupa zinazoonyesha nyuzi joto kwa taa ukigusa kifuniko. Zimejaa kila meza ya vitu vidogo vidogo na kila harusi mtu anapewa. Zinapendeza. Lakini kifuniko hakitakiwi kuzamishwa majini, betri ikiisha mara nyingi haibadilishiki, na ili unywe inabidi ufungue kifuniko chote. Jaribu hilo ukiwa umesimama kwenye basi la Kimara. Kama unayo, itumie mezani.

Usinunue kabisa kikombe cha "mianzi". Vingi si mianzi bali unga wake uliochanganywa na plastiki ya melamini, na chai ya moto huvifanya vitoe kemikali za melamini na fomaldehaidi. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulianza operesheni ya kuviondoa sokoni. Vikiondolewa huko, utashangaa vikitua huku kwa bei ya chee?

Kuhusu ujazo, mililita 350 zinamtosha mtu mmoja. Zaidi ya 500 unabeba uzito wa bure, na kikombe kirefu hakiingii chini ya bomba la mtungi wa maji wa ofisini.

Nirudi kwenye joto, maana watu huliona kama sifa tupu. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni mojawapo ya sehemu ambazo saratani hiyo iko juu. Kikombe kizuri kinakufikishia chai ofisini ikiwa juu ya nyuzi hizo. Fungua kifuniko, kiache wazi dakika kadhaa, washa kompyuta, soma barua pepe, ndipo unywe.

Na maziwa. Yakikaa kwenye uvuguvugu saa nyingi, vijidudu vinashangilia, na watengenezaji wengi huonya kwenye karatasi ya maelezo kwamba yasikae humo muda mrefu. Mimi chai ya maziwa nahakikisha nimeimaliza kabla ya saa tatu, na ya mchana nabeba ya rangi. Kabla ya kumimina, suuza kikombe kwa maji yaliyochemka, uyaache dakika moja, uyamwage. Hiyo inasaidia joto kuliko unavyofikiria, hata kwa kikombe cha bei ndogo.

Kuosha, usitumie stilwaya wala jiki, maana klorini inakula stenlesi. Magadi ya kupikia kijiko kimoja na maji ya moto, ulaze usiku, asubuhi weusi wa majani unatoka wenyewe. Ule mpira wa kifuniko uvue kila mara, uoshe peke yake, uuanike. Ukiona umelegea au umeng'atwa pembeni, usisubiri uvuje. Mpira wa ziada muulize muuzaji siku unayonunua, kabla hujatoa hela. Yule wa Kariakoo alipekua droo ya chini akanipa miwili bure, na mmoja umeshatumika.