Footy ya Australia: MCG au sebuleni?

Footy ni mpira wa aina ya Australia, tofauti na soka. Unaweza kuutazama MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, au nyumbani kwenye runinga. Kwa gharama, runinga inashinda. Baadhi ya mechi za AFL, ligi kuu ya footy, huonyeshwa bure na kituo cha Channel Seven, ingawa ukizitaka zote utalipia. Uwanjani kuna tiketi, treni na pai ya nyama, na baridi ya Julai mjini Melbourne hupenya hadi kwenye skafu.

Kwa kuona, mambo hugeuka. Wachezaji 36 wametapakaa kwenye uwanja wa duara refu, na kamera hufuata mpira. Ukiwa MCG unamwona mshambuliaji akimtoroka beki kabla mpira haujapigwa. Kisha anapanda mgongoni mwa mtu, anaudaka juu kabisa, na uwanja mzima unanguruma. Hilo napenda kuliko chochote. Mashabiki wa timu mbili hukaa pamoja, kwa hiyo jirani yako anaweza kukufundisha.

Runinga ina marudio: mpira umegusa mlingoti au la? Goli safi ni pointi 6; likigusa mlingoti ni 1.

Mgeni asiyejua sheria, mwenye watoto wadogo au anayeishi mbali aanzie sebuleni. Aliyekwisha kuchagua timu na anafika kwa urahisi kituo cha treni cha Richmond, jirani na MCG, apande treni.