Shule ya msingi ya serikali huku Rhonda: usianzie kwenye maksi

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kando ya barabara huku Rhonda, Nakuru, na wanangu wanasoma shule ya serikali iliyo nyuma yetu. Kila Januari wazazi wageni huja kushonewa sare na swali huwa lile lile: "Mama, hiyo shule inapitisha?" Jina lake sitalitaja, kwa sababu kuna mambo hapa chini ambayo mwalimu mkuu hatayafurahia, na mimi bado namhitaji.

Nianze na matokeo kwa kuwa ndiyo mnayoyataka. Yale maksi mia tano ya KCPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane, yalikwisha na watahiniwa wa 2023. Sasa gredi ya sita hufanya KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi iliyoanza 2022, na kila mtoto hupata ripoti yake: anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko mbali nayo. Wizara haitoi orodha ya shule bora. Kwa zile ripoti ambazo wazazi wenzangu wamenionyesha hapa kibandani, wetu wengi wako kati ya kufikia na kukaribia. Kiswahili wako sawa kabisa. Hisabati inawatoa jasho.

Ng'ambo ya barabara kuna akademi, yaani shule ya kibinafsi, yenye bango kubwa la kujisifu, na hapo ndipo wageni hudanganyika. Akademi humfanyia mtoto intavyuu mlangoni. Akilegea gredi ya tano, mzazi huitwa ofisini aambiwe amtafutie kwingine, na kwingine ni hapa kwetu. Karo ikimshinda baba aliyekosa kibarua Industrial Area, mtoto pia huja hapa. Shule ya serikali haichagui. Kulinganisha bango la akademi na ripoti zetu ni kama kulinganisha mchele uliopepetwa na ule ulio bado guniani.

Ni watoto wa nani basi? Wa mama mboga, wa bodaboda, wa vibarua wa viwandani, wa askari wa usiku. Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakikuyu, Wakalenjin, wote dawati moja, na uwanjani husikii ila Kiswahili. Ukitaka kujua nani amekulia hapa, mwambie acheke: maji ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi na meno ya wenyeji huwa na madoa ya kahawia. Mwenye meno meupe pee mara nyingi ameletwa juzi.

Na hao walioletwa juzi ni wengi. Huku mtoto huhama na kodi. Landilodi akipiga kufuli mlango tarehe tano, wiki ijayo dawati moja liko wazi, na mwingine ameingia kutoka Busia au Bomet akiwa na sweta ya rangi nyingine kabisa. Mimi ndiye huwatolea beji ya zamani na kushona ya hapa, kwa hiyo nawaona kabla mwalimu hajawaona. Muhula wa pili ukianza, darasa si lile la Januari. Kwa hiyo ripoti ya gredi ya sita inampima pia mtoto ambaye shule hii haikumfundisha kusoma.

Sasa sifa yenyewe. Kuna mwalimu wa gredi ya pili ambaye mgeni akifika hamwachi akae nyuma akitazama ukuta. Siku moja nilipeleka sweta nikamkuta na kijana mdogo kutoka kijijini, ameshika ukurasa wenye picha ya kondoo. Chini pameandikwa "kondoo". Kijana akasema "mbuzi", kwa kujiamini kabisa. Alikuwa anasoma picha. Mwalimu hakumcheka, alifunika picha kwa kiganja, wakaanza ko, ndo, o. Sera inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na huku kwetu hiyo ni Kiswahili. Yule kijana kijijini alifundishwa kwa lugha ya mama, basi hapa anaanza upya huku wenzake wakisonga. Mwalimu humbakisha kidogo baada ya kengele, bila malipo. Aliyefika gredi ya pili hupona. Anayefika gredi ya tano akiwa vile, sijui nimwambie nini mama yake. Walimu wa juu hawana nafasi hiyo.

Hawana nafasi kwa sababu watoto wamejaa. Dawati la wawili linakaliwa na watatu, pengine wanne. Tangu 2023 sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, imewekwa ndani ya shule za msingi, ikachukua madarasa mazuri. Serikali humhesabia mwanafunzi wa msingi shilingi 1,420 kwa mwaka, wa sekondari msingi 15,042. Yaani dada wa gredi ya saba ana mgao zaidi ya mara kumi ya mdogo wake wa gredi ya sita, na wanapanga foleni moja chooni. Vyoo ni aibu, hasa kwa wasichana wakubwa. Na hizo pesa huchelewa, ndipo unaletewa kikaratasi cha "pesa ya mitihani" kisicho na muhuri. Mimi hulipa, lakini nataka risiti. Elimu ni bure tangu 2003, mnajua wenyewe.

Kazi za nyumbani nazo zina gharama: leta picha za mazao, zichapishwe saiba, kule kwa kompyuta za kulipia, na za rangi ni ghali zaidi. Githeri ya mchana ni ya waliolipia.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa madarasa ya chini peke yake ningeipa tano. Ukija kuandikisha, beba cheti cha kuzaliwa, na kama mtoto anatoka shule nyingine hakikisha kule wamemwachilia kwenye mtandao wa wizara, la sivyo atasoma bila kuhesabiwa. Usiulize wastani wa shule. Uliza nani atamfundisha kusoma. Na sweta usiikimbilie dukani mjini, njoo kwanza kibandani. Ninazo zilizowabana wenyewe walipokua, bei ya nusu.