Jozani yatimiza miaka 20: uzoefu wangu na kima punju

Unguja mimi huvuka kwa mambo mawili, harusi na msiba. Jozani nimeipita sijui mara ngapi nikiwa ndani ya gari la Makunduchi, naona kibao, naona mabasi ya watalii, gari linakwenda zake. Mwaka 2024 msitu ule ulitimiza miaka 20 tangu uwe hifadhi ya taifa, nikasema safari hii lazima niteremke. Nikamchukua na mwanangu wa miaka tisa.

Kosa langu lilikuwa kukodi gari ili tujistareheshe. Kampuni siitaji. Dereva alikimbiza njia nzima, na tulipofika kwenye matuta ya pale msituni akasonya: "Matuta yote haya, eti kwa ajili ya kima!" Akatushusha, akaahidi kutusubiri.

Kima wenyewe hatukuwatafuta. Kundi lilikuwa pembezoni, ng'ambo ya barabara, kwenye vichaka vinavyopakana na mashamba. Mgongo mwekundu wa kutu, uso mweusi, pua na midomo ya rangi ya waridi, na nywele nyeupe zimesimama kipajini kama za babu aliyetoka usingizini. Mmoja alikaa kwenye tawi usawa wa kifua changu, akavuta jani kwa vidole vinne. Dole gumba hana, ni kama kigutu tu. Mtoto wangu akatazama kidole chake, akatazama cha kima, akanyamaza. Simu nilikuwa nayo mkononi na picha sikupiga.

Mtembezaji wetu, kijana mpole aliyeniita "dada" tangu getini, alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kima hawa hawapatikani porini popote duniani ila Zanzibar. Hawali matunda mabivu, matumbo yao hayayawezi. Wanakula majani na matunda mabichi. Majani ya mwembe na mkungu yana kemikali za kusumbua tumbo, basi wao hutafuna mkaa, wa kwenye visiki vilivyoungua au wanaouokota kwenye matanuri ya watu. Dawa wamejigundulia wenyewe.

Na jina je? Punju ni sumu. Wazee waliamini mti wanaoula hufa, na mbwa akimla kima punju hunyonyoka manyoya. Ukiwa mkulima na minazi yako inavamiwa, jina hilo hulioni la ajabu. Ndiyo maana nilifurahi kusikia kwamba sehemu ya viingilio inarudi kwenye vijiji jirani. Bila hivyo ningekuwa upande wa wakulima, nasema kweli.

Sensa kubwa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya waliodhaniwa. Habari njema, lakini bado wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa sababu misitu inakatwa na watoto wao wengi hawafiki utu uzima. Halafu barabara. Kabla ya matuta, kima mmoja aligongwa kila baada ya wiki mbili tatu hivi. Yalipowekwa, ikawa kama mmoja kwa wiki sita. Kumbe yale aliyoyasonya dereva wetu ndiyo kazi ya uhifadhi inayoonekana kuliko zote pale!

Msituni kwenyewe, chini ya mitondoo, ni giza na baridi, na mbu hawana adabu. Vaeni mikono mirefu. Njia ya mbao kwenye mikoko ni fupi lakini nzuri, hasa maji yakiwa yamejaa. Nendeni asubuhi. Na jamani, msiwasogelee kima kwa ajili ya picha. Niliona mgeni mmoja anataka kumshika mkia, na magonjwa yetu yanawaambukiza.

Mwanangu anataka turudi. Mimi pia, ila sitakodi tena gari.

Maana tulipotoka dereva hayupo. Kapata abiria wengine, simu haipokei. Tukasimamisha daladala, utingo akatubana kiti cha nyuma kabisa, na kila tuta kichwa kikagonga dari. Mwanangu akawa anayahesabu kwa sauti, na abiria wakamsaidia.